Madume ya nguruwe ya mbegu yauzwe pamoja na daftari

Mhariri,

Mwaka jana nilinunua dume la nguruwe aina ya Large White kwa bei ya kuumiza, muuzaji akiniapia kuwa mbegu ile "haishikwi na homa". Miezi minne baadaye homa ya nguruwe ya Afrika ikapita kwetu Mbozi. Masikio yalianza kuwa ya zambarau Jumatatu. Jumapili nilikuwa nafukia, dume likiwa la kwanza.

Wafugaji wenzangu, msidanganywe. Hakuna nguruwe wa kufugwa anayeuzwa akiwa na kinga ya homa hiyo. Anayeishi nayo bila kuugua ni ngiri. Nguruwe wa Marekani waliohaririwa jeni (yaani vinasaba vyao vimebadilishwa maabara), walioidhinishwa mwaka 2025, wamekingwa dhidi ya PRRS, ugonjwa wa uzazi na upumuaji, mwingine kabisa. Kwetu kinga bado ni uzio, dawa ya kukanyaga mlangoni na kutowapa makombo ya kitimoto.

Ila ulaji, yaani chakula anachohitaji nguruwe kuongeza kilo moja ya uzito, unarithiwa, na hapo tunaweza kuchagua wenyewe. Nimeanza upya na majike wawili. Kila asubuhi napima pumba na mashudu ya alizeti kwa mizani yangu ya mahindi, na watoto nawapima kila Jumamosi (kelele zake majirani wanazijua). Wa jike la kwanza hula kilo tatu kuongeza kilo moja. Wa mwenzake, kilo nne na nusu. Huyo wa pili ndiye mnene anayesifiwa na kila mgeni!

Naomba wauza madume waonyeshe daftari la vipimo vya namna hiyo kabla hatujatoa hela.

Mfugaji,
Mbozi, Songwe