Flaiwili ya 1HZ: usinunue kwa jina

Dar es Salaam

Swahiba wangu,

Salamu kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Huku sote wazima, mvua zimepungua na gereji zimejaa. Ujumbe wako kuhusu ile HZJ75, Land Cruiser yako iliyopasuka flaiwili (gurudumu zito la chuma linalofungwa nyuma ya injini), na injini ya 1HZ uliyoletewa bila flaiwili, nimeusoma zaidi ya mara moja, na picha nimezikuza mpaka zikaanza kupoteza sura. Nimeona nikuandikie kwa kirefu, maana jambo lenyewe haliishi kwa maneno mawili ya simu, na msimu wa wageni Arusha haumsubiri mtu.

Muuzaji wa injini hajakudhulumu. Hiyo 1HZ uliyoletewa kutoka Sharjah ilitolewa kwenye gari la otomatiki, ndiyo maana nyuma ya krenki (shafti kuu ya injini) umekuta bati jembamba lenye meno pembeni mahali ulipotarajia flaiwili. Gari la otomatiki halina klachi ya kukanyaga. Uzito unaotuliza mzunguko wa injini unatoka kwenye konveta, kiungo kilichojaa mafuta kati ya injini na giaboksi, na lile bati linaiunganisha konveta na krenki na kupokea meno ya stata, basi. Wewe mwenye gia za mkono unahitaji flaiwili kamili. Pamoja nayo unahitaji bolti zake, kwa sababu zile za bati ni fupi, na ile beringi ndogo inayokaa katikati ya mwisho wa krenki kushika ncha ya shafti ya giaboksi. Injini nyingi zilizotoka kwenye otomatiki hazina beringi hiyo. Mwambie fundi achungulie leo, kabla hamjanunua chochote. Giaboksi ikifungwa bila hiyo, ncha ya shafti inakosa mahali pa kutulia, na klachi itaanza kukusumbua mapema.

Sasa hizo flaiwili mbili ulizoonyeshwa. Ile ya 2H, wewe achana na maneno ya "zote ni silinda sita za Land Cruiser". Ni kweli HJ75 yenye 2H na HZJ75 zinafanana mwili hata mtu akazichanganya kwa mbali, lakini ndani ni koo mbili. 2H ni injini ya zamani zaidi, cc 3,980, kemshafti (shafti inayofungua valvu) iko chini kwenye bloku na inasukuma valvu kwa vijiti. 1HZ ilikuja mwaka 1990, cc 4,164, kemshafti iko juu na inazungushwa na mkanda, ule unaotakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000. (Wa hiyo injini mpya ubadilishe sasa hivi, usiamini mtu akikwambia bado mzima.) Idadi ya silinda haikuambii chochote kuhusu matundu yaliyoko nyuma ya krenki.

Ile ya Coaster ina matumaini. Coaster nyingi zilifungwa 1HZ hiyohiyo, kwa hiyo upande unaokaa kwenye krenki nina imani utakubali. Wasiwasi wangu ni upande wa pili. Basi lile lina giaboksi yake na klachi yake, na flaiwili ni kiungo kati ya vitu vinne ambavyo lazima vyote viikubali kwa pamoja: krenki, stata, klachi, na nafasi iliyomo ndani ya hausingi, kasha linaloifunika. Kimoja kikikataa, umenunua chuma cha kuwekea mlango usifungwe na upepo.

Kwa hiyo ile flaiwili yako ya zamani, japokuwa imepasuka, usimpe mtu wa chuma chakavu. Hiyo ndiyo ramani yako. Ibebe mpaka dukani hata kama ni nzito, ibebe na preshapleti (sahani inayoikandamiza klachi) na klachi pleti, na stata pia kama fundi ameshaishusha. Ziweke flaiwili mbili juu ya meza, moja juu ya nyingine, mgongo kwa mgongo. Matundu ya bolti yahesabiwe, kisha bolti zipite kwenye zote mbili kwa mkono bila kulazimishwa. Tundu la katikati lipimwe kwa vernia, maana hilo ndilo linaloiweka flaiwili sawasawa na krenki, na tofauti ndogo tu inaifanya izunguke ikiyumba. Meno ya ringi, ule mduara wa ukingoni, yahesabiwe moja baada ya jingine. Weka alama ya chaki kwenye jino la kwanza, la sivyo utapotea njiani. Kipenyo cha nje kifanane, na meno ya stata yakae kwenye meno ya ringi bila kubana wala kuacha pengo.

Kuhusu stata: injini ikiwa imetoka kwenye gari la soko la Japani, inawezekana ikaja na stata ya volti 24. Gari lako ni la volti 12. Tumia stata yako, ndiyo maana ninasisitiza uende nayo.

Halafu kina. Hiki ndicho kipimo ambacho wengi hukiruka, na ndicho kinachowarudisha watu gereji kushusha giaboksi mara ya pili. Pima kutoka uso unaokaa kwenye krenki hadi uso unaoguswa na klachi pleti. Flaiwili ikiwa nene kuliko yako, au imekerezwa mpaka ikawa nyembamba mno, rilizi beringi (ile inayosukumwa na pedali ya klachi) inahama mahali pake na pedali haitafanya kazi vizuri. Inaweza pia kutokea springi za katikati ya klachi pleti zikasugua vichwa vya bolti za flaiwili. Weka preshapleti yako juu yake palepale dukani. Zile pini ndogo za kuielekeza ziingie kwenye matundu yake, na bolti za ukingoni zishike zote. Zikikataa, usikubali muuzaji akwambie matundu yatatobolewa upya. Rudisha, ushukuru, uondoke.

Jambo moja linakupunguzia kazi. Krenki ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja inajisawazisha yenyewe, pistoni zinaenda kwa jozi na nguvu zao zinafutana. Hivyo flaiwili yake haibebi uzito wa makusudi upande mmoja, tofauti na baadhi za V8 za Marekani. Inatakiwa tu iwe sawa yenyewe kwa yenyewe. Akishaikereza fundi wa mashine, mwombe aipime usawa pamoja na preshapleti ikiwa imefungwa, na aweke alama ili zirudi vilevile.

Unaponunua ya mtumba, igeuze juani uitazame vizuri. Madoa ya bluu ni mahali palipoungua na kuwa pagumu. Yakiwa ya juujuu yanaondoka kwa kukerezwa. Nyufa nyembamba kama nywele juu ya uso wa msuguano nazo mara nyingi zinaondoka. Lakini ufa unaoelekea kwenye matundu ya bolti, au unaofika ukingoni, huo haujadiliwi. Tazama pia meno. Injini ya silinda sita ikizimwa husimama karibu kila mara sehemu zilezile tatu za mzunguko, kwa hiyo stata inang'ata hapohapo miaka yote, na utaona ringi imelika sehemu tatu huku kwingine meno ni mazima. Hilo lisikutishe kama flaiwili yenyewe ni nzuri. Ringi hubadilishwa: ya zamani inagongwa itoke, mpya inapashwa moto kiasi cha nyuzi 200 za Selsiasi ipanuke, inadondoshwa mahali pake na ikipoa inabana yenyewe. Isipashwe mpaka ikawa nyekundu, meno yatalainika.

Umeandika kwamba fundi amependekeza kuichomelea ile yako ya zamani. Hapa, ndugu yangu, nakuomba kwa moyo wote ukatae. Chuma cha kumimina hakishiki weldingi kwa namna ya kuaminika, na joto lenyewe linaweza kuanzisha ufa mwingine pembeni. Chukua flaiwili yenye kipenyo cha sentimita 33, izungushe mara 4,000 kwa dakika: ukingo wake unakwenda karibu kilomita 250 kwa saa. Ikipasuka hapo, vipande vinatoboa hausingi na sakafu, na miguu ya dereva iko jirani kabisa. Wewe unapandisha watu Ngorongoro na gari hilo. Fundi wako namheshimu kwa mambo mengi, lakini katika hili hapana.

Kati ya mpya isiyojulikana ilikotengenezwa na ya mtumba iliyo halisi, mimi nitachukua ya mtumba halisi, ikerezwe vizuri. Kama una uwezo wa kununua mpya ya Toyota, mpe muuzaji namba ya chesi ya gari lako atafute kwenye katalogi. Namba nyingi za flaiwili za Toyota huanza na 13405. Namba ya injini peke yake itawapotosha, kwani injini yako sasa si ya gari hilo. Na asikushawishi mtu kupunguza uzito ili gari liwe jepesi kukimbia. Kwenye matope na milima, uzito huo ndio unaokuzuia usizimikiwe ukiwa kwenye mwendo mdogo.

Siku ya kufunga, sili ya nyuma ya krenki iwekwe mpya kwanza. Uso wa krenki usafishwe mpaka ung'ae, bolti ziwe mpya na zikazwe kwa kuvuka upande hadi upande, kwa spana ya kupimia nguvu, kufuata kitabu cha gari. Kisha flaiwili izungushwe taratibu huku ikipimwa kwa saa ya fundi ya kupimia myumbo: isiyumbe zaidi ya milimita 0.1. Uso ufutwe grisi yote kabla klachi haijapanda.

Nitumie kabla ya Jumamosi idadi ya meno, kipenyo, kina, na picha ya nyuma ya krenki ukiwa umeweka rula kando yake. Nitapita maduka ya spea ya Gerezani nikiwa na vipimo mkononi. Ile ya Coaster mwambie muuzaji akushikie, lakini usilipe mpaka preshapleti yako ikae juu yake. Ikishindikana huku, tutamuuliza yule jamaa wa Kirinyaga Road, maana kutoka Arusha Nairobi ni karibu kuliko Dar, na usafirishaji utakuwa nafuu kwako.

Msalimie mama akija kutoka Moshi.

Mimi swahiba wako.