Barua ya wazi kwa Waziri wa Mawasiliano: tunaomba seva moja tu

Mheshimiwa Waziri,

Hongera kwa kongamano. Maneno "ushirikiano wa vijana wa Afrika" tuliyahesabu mpaka tukachoka.

Jumapili ya Mei 12, 2024, mikongo ya intaneti ya chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilikatika siku moja. Wengi waliona WhatsApp imegoma. Kwa watengenezaji wa programu ilikufa kazi yenyewe, maana mradi wa watu wa Mwanza, Lusaka na Accra kwa kawaida huhifadhiwa ng'ambo. Ukirekebisha mstari mmoja, unavuka bahari kwenda, kisha unarudi kumfikia jirani.

Huwa mnatujibu kwa habari za kasi ya intaneti. Kasi siyo shida, Mheshimiwa. Git, programu tunayotumia kushirikiana kwenye mradi, ikikatika katikati ya kunakili mradi wa GB 2 haiendelei ilipoishia. Inaanza sifuri, na bando limeshaliwa. Njia za kukwepa tunazo: kuchukua toleo la mwisho tu kwa --depth 1, au mmoja kuufunga mradi wote kwa git bundle, faili ambalo upakuaji wake ukikatika unaendelezwa. Ila maktaba zilezile (vipande vya programu vilivyoandikwa tayari) hupakuliwa upya kila programu inapojaribiwa, na hapo hatuna ujanja.

Dawa ni seva ya nakala, yaani kompyuta inayotunza nakala za programu na maktaba hizo hapa nchini, ndani ya kituo ambako mitandao hubadilishana data: diski 4 za TB 8 kwa RAID 10 (kila data hukaa kwenye diski mbili), zibaki TB 16. Kununua ni rahisi. Seva za msaada hufa kwa sababu bajeti huishia siku ya kukata utepe. Umeme, diski ya akiba na msimamizi havina fungu. Hifadhi ya Debian, mfumo huria wa kompyuta, husasishwa mara 4 kwa siku. Nakala ya masasisho ya usalama ikilala zaidi ya juma, apt, kipakuaji programu cha Debian, huikataa, na watu wanarudi ng'ambo.

Umoja wa Afrika uliahidi soko moja la kidijitali ifikapo 2030. Mkataba wake wa Malabo, wa usalama wa mtandao na ulinzi wa taarifa binafsi, ulipitishwa 2014, ukaanza kutumika 2023. Kwa mwendo huo, tutasubiri.

Majengo ya ubunifu hatuombi, viti vipo. Mikutano tunapanga wenyewe: saa 9 alasiri Dar es Salaam, saa 5 asubuhi Praia, Cape Verde. (Tunaandika 12:00 UTC, saa ya pamoja ya dunia, maana mwenzetu wa Lagos akisikia "saa tisa" atatusubiri tangu asubuhi.)

Seva moja, na umeme wake wa miaka 5. Basi hata 3. Seva moja, Mheshimiwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Watengenezaji wa programu huria