Jumamosi hii: Tuzo za Pulitzer

Wanakikundi, habari za jioni.

Jumamosi saa 2 usiku, saa za Afrika Mashariki, tunajadili Tuzo za Pulitzer za Marekani, zile za kila mwaka za uandishi wa habari, fasihi na muziki. Mwenzetu wa Minnesota ndiye atakayefungua mjadala. Kwake itakuwa mchana na anatumia muda wake wa chakula, kwa hiyo tusichelewe.

Kwa wageni: jina ni la Joseph Pulitzer, mmiliki wa magazeti aliyezaliwa Hungaria. Alifariki 1911, akakiachia fedha Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Tuzo zikaanza 1917. Muziki uliingizwa 1943.

Hapo kwenye muziki ndipo nataka tubishane. Mwaka 1965 waamuzi walipendekeza Duke Ellington, gwiji wa jazi, apewe heshima maalumu, bodi ikakataa. Akaja kuipata 1999, miaka 25 baada ya kufa kwake! Halafu 2018 akashinda Kendrick Lamar, mtu wa rap. Mimi naona bodi ilijivuta mno. Wapenzi wa jazi, najua mnalo la kusema.

Wanadiaspora mnaoandika, tangu tuzo za 2025 milango ya vitabu imefunguliwa kwa wasio raia pia, mradi mwandishi awe na ukaazi wa kudumu au Marekani iwe ndiyo makazi yake ya muda mrefu. Mwenye mswada ajitokeze.

Sauti ziwe fupi jamani, wengine bando letu ni la kuunga unga.