Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mheshimiwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani,
Mkuu wa Shule na wajumbe wa Bodi,
Walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wengine wote, habari za mchana.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyekufikisha salama hapa Mbagala. Foleni ya Barabara ya Kilwa tunaijua, kwa hiyo hakuna aliyenung'unika tangu saa tatu asubuhi hadi sasa hivi saa saba kasoro. Chai tu ndiyo imepoa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, klabu yetu ilianza mwaka 2016 ikiwa na wanachama 11, chini ya mwembe ule unaoonekana dirishani. Historia yake ni ndefu na ya kusisimua, lakini kwa kuwa muda umekwenda tunaomba tuiruke.

Mafanikio yetu ni makubwa mno. Tumepanda miti 60 kuzunguka uwanja, na 17 imesimama imara hadi leo. Mingine ilikutana na mbuzi. Tumezibua mtaro wa getini mara 4. Tumeshika nafasi ya pili katika mdahalo wa mazingira ngazi ya kata, japo wapo wanaopenda kuuliza shule zilikuwa ngapi. Na huo ukuta ulio nyuma yako, ukigeuka kidogo, tumeuchora wenyewe kwa rangi zilizobaki madarasa yalipopakwa. Hiyo ni Hifadhi ya Taifa ya Kitulo. Ua jekundu lililosimama kama mwenge linaitwa Kniphofia. Aliyelichora yuko Kidato cha Tatu na hajawahi kuliona. Alitazama kalenda ya zamani ya mwalimu mlezi, na kalenda yenyewe ilikuwa imefifia, ndiyo maana majani yametoka ya buluu.

Hapo ndipo lilipo ombi letu: basi la kutupeleka Kitulo yenyewe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Kitulo iko Nyanda za Juu Kusini, mpakani mwa Mbeya na Njombe, kwenye uwanda wa mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Mtorwi kinafika mita 2,961. Mwaka 1877 alipita huko Mwingereza Frederic Elton, na kwa muda uwanda ule ukabandikwa jina lake, kana kwamba wenyeji walikuwa hawajauona. Wenyeji wanauita Bustani ya Mungu. Baadaye serikali ikaweka shamba la mifugo, watu wakalima viazi, na wachimbaji wakaanza kung'oa maua ya okidi kwa ajili ya viazi vyake vya mizizini, ambavyo huvushwa hadi Zambia na kupikwa chakula kiitwacho chikanda. Mwaka 2005 ikawa hifadhi ya taifa, na imeanzishwa hasa kwa ajili ya mimea yake. Tembo hakuna. Kuna aina 45 za okidi, kuna tandawala, ndege mkubwa anayetembea majanini kama mkaguzi, kuna mbayuwayu wa buluu, na katika msitu wa Livingstone kuna kipunji, kima ambaye wanasayansi walimtangaza mwaka huohuo wa 2005 wakati wawindaji wa huko walikuwa wakimjua siku zote.

Tunayaeleza haya kwa sababu ya kalenda, si ile ya mwalimu bali ya maua. Mvua za Kitulo huanza Novemba, na maua huchanua kuanzia hapo hadi Aprili, kila aina kwa zamu yake: wiki hii uwanda ni wa njano, baada ya muda ni mweupe, kisha zambarau. Juni hadi Agosti ni baridi na umande unaoganda. Nyasi zinakauka na maua yamelala ardhini. Mtu akikupeleka Kitulo mwezi Julai amekupeleka kuona nyasi.

Mwaka 2022 Mgeni Rasmi wa siku hiyo, ambaye kwa heshima hatumtaji jina, alisimama hapohapo ulipowekewa kiti chako akasema kwa kipaza sauti, "Hilo la basi niachieni mimi." Tulipiga makofi hadi mikono ikauma, tukampa na zawadi ya mchoro wa kipunji. Tulimwachia. Mpaka leo tumemwachia.

Mwaka 2023 aliyemfuata alitupa basi kweli, ila la mwezi Julai. Tulipoandika barua kueleza habari ya maua tukajibiwa kuwa wanafunzi wa siku hizi wanachagua.

Mwaka 2024 tuliahidiwa basi la Desemba, tena kwa maandishi. Wazazi walinunua masweta ya mtumba, wengine na kofia za sufu. Saa kumi alfajiri wanafunzi 26 walikuwa getini na mayai ya kuchemsha kwenye mifuko. Jua likachomoza. Kwa kuwa waliogopa kupoteza masweta waliendelea kuyavaa, Mheshimiwa, Desemba ya Dar es Salaam, hadi saa nne na nusu, mwalimu mlezi alipopokea ujumbe kwenye simu kwamba basi limepata udhuru. Mdogo wetu mmoja wa Kidato cha Kwanza aliuliza kama udhuru ni kijiji kilichoko kabla ya Chalinze. Hatukucheka siku ile.

Hivyo mwaka huu hatuombi ahadi. Ahadi tunazo, mhazini amezihifadhi vizuri kwenye daftari. Tunaomba Kosta moja yenye dereva na mafuta ya kwenda na kurudi, wiki ya pili ya Desemba, likizo ikishaanza. Ni zaidi ya kilomita 700 hadi Chimala, chini ya uwanda huo, na kutoka Chimala kupanda hadi Matamba, karibu na hifadhi, kuna kona 57, ndiyo maana barabara yenyewe inaitwa Hamsini na Saba. Kwa sababu hiyo tunaomba kwa unyenyekevu breki ziwe nzima. Wapo walioshauri tupande treni ya TAZARA. Tunawashukuru, lakini reli inapita bondeni na maua yako juu. Chakula, malazi na viingilio tumeshavichangia: kila mzazi ametoa shilingi 30,000, jumla 780,000, na risiti zipo.

Labda mtu atauliza watoto wa Mbagala wanatafuta nini kwenye maua ya Kitulo, huko Makete. Mheshimiwa, feni hiyo inayokupepea inatumia umeme wa gridi. Vijito vya Kitulo vinateremka kuingia Ruaha Mkuu, Ruaha inajaza mabwawa ya Mtera na Kidatu, na mitambo ya huko inalisha gridi hiyohiyo. Uwanda ule ukilimwa wote na okidi zikaliwa zote, maji hayatakuja kwa utaratibu, na feni itasimama ukiwa katikati ya hotuba. Tunataka kwenda kuona maji yetu yanapoanzia.

Tunayo na mahitaji mengine kama toroli, reki na mpira wa kumwagilia, lakini tumekubaliana kwenye kamati tusiyataje leo, kwa sababu uzoefu umetufundisha kwamba tukiomba vitu vitano Mgeni Rasmi huchagua reki.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mhazini wetu amesimama pale mlangoni na daftari. Ukurasa wa 15 ameupigia mistari mitatu: tarehe, namba ya gari, na simu ya dereva. Kalamu anayo.

Asante kwa kutusikiliza, na karibu chakula, ambacho tunaamini bado kina moto kidogo.

Ni sisi,
Wanachama wa Klabu ya Mazingira.
Risala imeandaliwa na Kamati na kusomwa na Katibu.