Senene wamekuja gizani

Kamachumu,
26 Novemba 1978

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Barua yako nimeipata juzi, na kwa kuwa mabasi na malori mengi yamechukuliwa kubeba askari kuelekea vitani Kyaka, nimempa hii yangu mtu anayepanda meli kwenda Mwanza aitie posta huko. Buni yetu bado imelala ghalani kwa sababu hiyohiyo.

Sisi hatujambo. Tangu Mwalimu alipotangaza redioni kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga Amin tunavyo, watu wametulia kidogo, ingawa wakimbizi hawajaacha kupita.

Chumba chako kina wageni: mama mmoja wa Minziro na watoto watatu, waliovuka Mto Kagera kwa mtumbwi wakiwa na sufuria moja na jogoo ambaye mtoto mdogo alikataa kumwacha. Ng'ombe wao wote wameporwa. Jogoo huyo huwika saa nane za usiku, na mama yako, unavyomjua, ameshaapa mara tatu kumchinja, lakini kila asubuhi namkuta akimmwagia punje za mahindi.

Hasa nilitaka kukueleza habari za senene. Mwaka huu wamekuja wengi, lakini balozi wetu wa nyumba kumi ameagiza taa zote zizimwe jua likizama, kwa kuhofia ndege za Amin, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kuwasha karabai ya kuwavuta. Ijumaa usiku tulikaa uani tukiwasikia wakipita juu ya migomba, wasitue. Alfajiri niliingia na watoto wa wageni katika nyasi zenye umande, tukawaokota mmoja mmoja hadi ndoo ikafika nusu. Tumewanyonyoa, mama yako amewakaanga kwa chumvi, na fungu lako nimelifunga pamoja na barua hii. Marehemu bibi yako angenikemea kwa kumlisha binti senene, lakini hilo niachie mimi.

Kaka yako amejiunga na mgambo, akaondoka Jumatano. Saa yake ya mkono ameniachia, akisema huko itaingia vumbi. Naitia ufunguo kila asubuhi kabla mama yako hajaamka.

Soma kwa bidii, mama, na utuandikie.

Ni mimi baba yako.