Sanduku la Papa lisiuzwe kwa jumla

Liège, mwezi wa kumi

Mama mpenzi, Yaya ndugu yangu mkubwa, na ninyi wote wa pale Katuba, Lubumbashi,

Jambo yenu. Mimi ni mzima, watoto ni wazima, baridi imeshaanza. Yaya, ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, hata pale jirani alipowasha jenereta na maneno yako yakamezwa. Nimeelewa hivi: kuna bwana mwenye gari anayezunguka mitaa ya Lubumbashi, Kenya, Kamalondo na huko kwetu, akiulizia santuri za zamani. Ameliona sanduku la santuri la marehemu Papa, baba yetu, ametaja bei moja kwa diski zote, na Jumamosi anarudi na feza mkononi. Baba mkubwa ameshasema sawa, kwa sababu mabati ya jikoni yameoza na mvua haingoji mtu.

Tuanze na mabati. Feza nimezituma jana kwenye simu ya Yaya, zinatosha mabati, misumari na fundi wa kupanda juu. Baba mkubwa, nakusalimu kwa heshima zote, na neno lako nimelisikia. Sasa kwa kuwa jiko litaezekwa, sanduku halina haraka tena. Ninachoomba ni hiki: bwana huyo akija, apewe kiti, apewe maji, asipewe sanduku.

Najua Mama utauliza mambo ya santuri nimeyajulia wapi, mimi niliyekuwa nafukuzwa sebuleni nikigusa hata jalada. Ni huku huku. Jumapili asubuhi kuna soko linaitwa La Batte, kando ya mto Meuse, watu wanauza kuku, jibini, soksi, na vitu vya marehemu. Pale nilikutana na wazee wanaopekua masanduku ya santuri za jazz, vidole vinakwenda mbio kama vya karani wa benki. Wengi ni wastaafu, wengine walifanya kazi kwenye viwanda vya chuma vya hapa kama Papa alivyofanya Gécamines, kampuni ya migodi ya kwetu. Mchana wanakutana kwa mmoja wao, kila mtu na diski yake kwapani, na mimi wakanikaribisha. Wana fahari na mji wao, maana Bobby Jaspar wa saksofoni na René Thomas wa gitaa ni watoto wa Liège. Hata saksofoni yenyewe, Adolphe Sax aliyeibuni alizaliwa Dinant, juu kidogo ya mto huu huu. Mmoja wao alimwona John Coltrane kwa macho yake mwaka 1965, katika kijiji cha Comblain-la-Tour, si mbali na hapa, ambako zamani palikuwa na tamasha la jazz. Kila Jumapili anaisimulia upya, na kila mara Coltrane anapiga muda mrefu zaidi.

Ubishi wao, Mama, ungecheka. Kusikiliza wanasikiliza kidogo, kubishana ndiyo kazi. Chukua santuri za Blue Note, kampuni iliyoanzishwa New York mwaka 1939. Nyingi zilirekodiwa na Rudy Van Gelder, ambaye hadi mwaka 1959 studio yake ilikuwa sebule ya wazazi wake huko Hackensack, New Jersey. Sasa mzee akishika diski hiyo, muziki hauulizi kwanza. Anaivuta nusu kutoka kwenye jalada, anaiinamisha kwenye mwanga wa dirisha, anatafuta kwenye ile sehemu tupu karibu na lebo kama kuna herufi RVG, na kama kuna alama ndogo iliyokwaruzwa mfano wa sikio. Hilo sikio ni alama ya kiwanda cha Plastylite kilichozichapa. Baada ya Blue Note kununuliwa na Liberty katikati ya miaka ya 1960 likatoweka. Kisha wanasoma anwani kwenye lebo: 767 Lexington Avenue ni ya zamani kuliko 47 West 63rd. Kuna santuri moja ya Hank Mobley, namba 1568, ambayo ikiwa nzima na ya chapa ya kwanza watu wanailipia maelfu ya dola. Muziki ule ule kwenye chapa ya baadaye unaupata kwa bei ya chakula cha mchana. Mimi naona huo ni ugonjwa, lakini ni ugonjwa wenye adabu, na mgonjwa anajua tarehe zake zote.

Basi msianze kupiga hesabu. Zile santuri za Wamarekani za Papa, zile alizoachiwa na mkubwa wake Mbelgiji alipofunga virago mwaka 1967, serikali ilipoichukua Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, zimechoka. Mnakumbuka Papa alivyokuwa anaweka makuta ya chuma juu ya kichwa cha sindano ili isiruke? Kila sarafu ilikuwa inaichimba diski. Zimepigwa kwenye harusi, zimepigwa kwenye matanga, zimemwagiwa bia ya Simba na wajomba. Huku mkusanyaji angeziangalia mara moja akatikisa kichwa. Kwa hiyo kama bwana wa gari anawaambia anataka zile za Wamarekani, labda anawaonyesha mkono huu ili msiutazame ule mwingine.

Hapa nikae kidogo na mdogo wetu wa tarumbeta, maana nina habari yake. Mnaikumbuka ile santuri ya Miles Davis, Kind of Blue, ambayo mdogo wetu alikuwa anajifunzia baada ya fanfare, bendi ya parokia? Papa alikuwa anamkemea: «Tarumbeta yako haina sikio!» Mtoto anavuta bomba, anasukuma, bado sauti yake inabaki chini ya ile ya Miles. Jumapili moja wazee walikuwa wanagombana juu ya santuri hiyo hiyo, na ndipo nikasikia. Ilirekodiwa mwaka 1959 kwa siku mbili, tarehe 2 mwezi wa tatu na tarehe 22 mwezi wa nne. Siku ya kwanza mashine ya kanda ilikuwa inakwenda polepole kuliko inavyotakiwa. Kanda yake ilipochezwa kwenye mashine yenye mwendo sahihi, muziki ukapanda juu kidogo. Nyimbo zote tatu za upande wa kwanza zilitoka hivyo, ziko juu ya noti zake, na hazikusahihishwa hadi mwaka 1992. Upande wa pili uko sawa. Mwambieni mdogo wetu kwamba sikio lake lilikuwa zima. Papa angekuwa hai ningempigia simu usiku huo huo, na najua angenijibu kwamba hata hivyo mtoto alikuwa hafanyi mazoezi.

Kuna ubishi mmoja ambao mimi nami niliuingia kwa miguu miwili. Ni juu ya Louis Armstrong. Mnajua habari ya Papa: mwezi wa kumi na moja mwaka 1960, Armstrong alipokuja Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, Papa alisimama nje na vijana wenzake, uso hakuuona, tarumbeta aliisikia. Huku wazee wanaipenda sana picha ya Léopoldville, yaani Kinshasa, Armstrong amebebwa juu kwenye kipoyi, kiti cha mabegani, kama chifu, anacheka meno yote. Mmoja akasema, tazameni, muziki unapatanisha watu, hata vita vya Kongo vilisimama ili wamsikilize. Hiyo hadithi ya vita kusimama nimeisikia hata kwetu, na ni tamu. Lakini nikawaambia: safari ile ililipiwa na serikali ya Marekani. Armstrong anapiga Léopoldville, Lumumba amefungiwa nyumbani kwake mji huo huo, askari mlangoni. Wiki chache baada ya Armstrong kuondoka kwetu, tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961, Lumumba akaletwa kwa ndege Elisabethville, na usiku huo akauawa. Mwezi uliofuata, huko New York, Max Roach na Abbey Lincoln, nao ni watu wa jazz, walikuwa ndani ya Umoja wa Mataifa wakipiga kelele kwa ajili yake.

Nyumba ikawa kimya. Kisha mzee wa Coltrane akaniambia nisimhukumu Armstrong upesi, maana mwaka 1957 alimsema rais Eisenhower hadharani kwa ajili ya watoto weusi wa Little Rock waliozuiwa kuingia shule, akakataa kwenda Urusi kuipigia serikali yake tarumbeta. Ni kweli, na sikumbishia. Mimi nadhani alikuja kupiga muziki na wengine walikuja nyuma ya muziki wake. Papa hakuwahi kumlaumu. Ila nilifurahi kwamba siku hiyo mtu wa Elisabethville alikuwemo chumbani.

Sasa nifike kwenye kitu chenyewe. Chini ya sanduku, chini ya zile kubwa, kuna diski nzito nyeusi, ndogo kidogo, zinazokwenda kwa mwendo wa 78, yaani mizunguko 78 kwa dakika. Hizo ndizo bwana wa gari anazozitaka, niamini. Ni za Ngoma, kampuni ya Mgiriki Jéronimidis iliyoanza Léopoldville mwaka 1948, ni za Loningisa walikoanzia O.K. Jazz ya akina Franco mwaka 1956, na, kama sikosei rangi ya lebo, kuna Gallotone moja au zaidi ya Mwenda Jean-Bosco, mpiga gitaa wa kwetu. Za Miles zilichapwa kwa wingi na bado zinachapwa hadi leo. Hizi za kwetu zilichapwa, zikanunuliwa na wafanyakazi wa mgodi, zikavunjika. Zilizobaki nzima ni chache, na zinaondoka kwa magunia.

Nililijaribu hilo kwa wazee. Nilipeleka Masanga ya Bosco, si diski bali nakala iliyotengenezwa upya, wimbo ambao Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alimrekodi mwaka 1952 pale Jadotville, yaani Likasi. Sikusema ni nani. Gitaa likaanza, wazee wakaacha kahawa. Lilipokwisha, yule anayejifanya mwalimu wa gitaa akauliza mpigaji wa pili anaitwa nani. Nikamwambia hakuna wa pili, ni mtu mmoja, kidole gumba na cha shahada. Akakataa. Tukaurudia. Akasogeza kiti hadi spika, akatega sikio, akawa anahesabu besi kwa kidole gumba chake mwenyewe juu ya goti, na mwisho akasema neno ambalo sitaliandika kwenye barua inayosomwa na Mama. Hawakuuliza kama ni jazz au si jazz, na wao huuliza swali hilo hata kwa watu wa New Orleans.

Kwa hiyo, Yaya, kazi ni yako. Moja, zile nzito zisiguswe na pombe kali wala alkoholi ya dispensari. Najua unapenda kusafisha. Zimetengenezwa kwa shelaki, utomvu wa wadudu wa Asia, na alkoholi inauyeyusha. Utazifuta na sauti yote itabaki kwenye kitambaa. Kitambaa kikavu laini kinatosha. Usizilaze moja juu ya nyingine, zisimamishe wima kama vitabu, na uzitoe chini ya mabati kwenda chumba cha Mama kwenye ubaridi, maana joto la mwezi huu linapinda hata zile za plastiki. Kisha nipigie picha lebo ya kila moja, pande zote mbili, na zile namba ndogo zilizochorwa karibu na lebo. Usiandike kitu juu ya jalada. Marehemu shangazi aliandika deni la mkaa juu ya Duke Ellington na bado naumia.

Bwana wa gari simwiti mwizi. Anafanya biashara, na bila watu kama yeye hata huku tusingesikia mengi ya kwetu. Akitaka kununua zile za Wamarekani zilizochimbwa na makuta, na Mama akikubali, auziwe, moja moja, bei ikitajwa kwa kila diski. Mtaona wenyewe zipi atazishika kwanza. Lakini za 78 Mama ndiye mwenye neno. Mama, ukisema ziuzwe, nitazinunua mimi, na zitabaki hapo hapo chumbani kwako.

Mwisho wa mwezi anashuka Lubumbashi mtoto wa jirani zetu wa zamani wa Ruashi, nimempa mzigo mdogo. Ndani mna dawa za Mama, viatu vya watoto, na sindano ya mashine, ile pana ya kupigia 78. Ya kawaida ni nyembamba, inakwaruza chini ya mfereji bure. Mdogo wetu ajue kuifunga. Mkimpata anayerudi huku, nifungieni sombe kavu na samaki wa mikebuka, hapa ninakula samaki wasio na ladha.

Salimieni wote. Risiti ya mabati pia, Yaya, nipigie picha. Si kwamba simwamini mtu.

Mtoto wenu wa Liège