Dawa ya kulinda figo bado tunaisubiri

Mhariri,

Msomaji wenu mmoja aliandika kwamba ipo dawa ya kulinda figo za mtu aliyepoteza damu nyingi. Mimi ni muuguzi wa zamu ya usiku, Katuba, hapa Lubumbashi, na dawa hiyo naisubiri tangu nianze kazi mwaka 1996.

Figo hupokea karibu moja ya tano ya damu inayosukumwa na moyo. Damu ikikatika, chembe za vijifereji vyake huanza kufa; ikirudi (hapa wengi hushangaa) oksijeni inayokuja nayo huzidi kuziumiza. Zamani tulitundika dopamini, dawa ya dripu, kidogo kidogo, tukiamini inafungua mishipa ya figo. Mwaka 2000 madaktari wa Australia na New Zealand walitoa matokeo ya kuijaribu kwa wagonjwa 328: haikuwalinda. Furosemidi, dawa ya kukojoza, nayo huongeza mkojo tu.

Juzi nilipokea kijana aliyeanguka na pikipiki, paja limevunjika. Mfuko wa mkojo ulikuwa na vidole viwili tu, rangi ya chai kavu. Kaka yake, kwa huruma, alikuwa amemmezesha diklofenaki, dawa ya maumivu, njiani, nayo hupunguza damu inayofika kwenye figo. Tuliikataza, tukampa serumu (maji ya dripu), kisha damu. Nikakaa na kalamu hadi alfajiri nikiandika mkojo wake: mililita 10 kwa saa, 25, halafu 60. Nilimwamsha kaka mtu nimwonyeshe.

Naomba mwandike kuhusu diklofenaki zinazouzwa sokoni kama karanga.

Muuguzi, Katuba
Lubumbashi